Pete ya kwenye katuni na pete ya bahati ya kwenye simu: je, ni kitu kimoja?

Msikilizaji wetu mmoja, mama anayeishi upande wa Mikumi, alitutumia ujumbe wa sauti. Alisema mwanawe wa miaka tisa huangalia katuni kwenye simu ya mjomba wake, na sasa anataka anunuliwe pete kama ya yule mnyama wa bluu anayekimbia kuliko treni. Mama alikuwa anacheka. Lakini kabla ujumbe haujaisha, sauti yake ilibadilika. Mwanawe mkubwa, aliyeuza ufuta wake hivi karibuni, naye ameagiza pete. Hiyo ni ya bahati, ameiona Facebook, na tayari ametuma fedha mara mbili. Pete yenyewe bado haijafika. Mama akatuuliza: "Hizi pete si ni kitu kimoja? Mbona mdogo namkatalia na mkubwa namwacha?"

Swali hilo tumeona tulijibu kwa maandishi, ili hata aliyekosa kipindi alisome kwa nafasi yake. Tuanze na pete ya mtoto, kisha twende kwa ya kaka yake.

Pete ya Sonic inafanya nini?

Mnyama huyo wa bluu anaitwa Sonic. Ni kalunguyeye, yule mnyama mdogo mwenye miiba anayejikunja kama mpira akiguswa. Sonic alibuniwa na kampuni ya Sega ya Japani, na mchezo wake wa kwanza wa video ulitoka mwaka 1991.

Katika mchezo huo, pete za dhahabu zimetapakaa njiani zikizunguka hewani. Ni kubwa, zinakaribia bangili. Anayecheza anamkimbiza Sonic huku akiziokota, na kanuni zake hazibadiliki. Sonic akigongwa na adui huku ana pete, hata moja tu, hafi. Pete zake zinatawanyika na anapata muda mfupi wa kuokota baadhi kabla hazijapotea. Akigongwa akiwa hana pete, anapoteza uhai mmoja. Akifikisha pete 100, anaongezewa uhai mmoja. Mtoto akicheza siku mbili anazijua kanuni hizo kwa kichwa.

Mwaka 1993 Sonic aliingizwa kwenye katuni za televisheni huko Marekani. Hapo watunzi walipata kazi. Anayeangalia katuni habonyezi kitufe wala hahesabu pete, kwa hiyo ilibidi pete ipewe kazi ndani ya hadithi. Katika moja ya katuni hizo, pete ni uvumbuzi wa mjomba wake Sonic aitwaye Chuck. Sonic akiishika anapata nguvu na kasi ya ajabu, lakini kwa muda mfupi tu, kisha nguvu hiyo inakwisha.

Mwaka 2020 ikatoka filamu ya sinema inayomchanganya Sonic wa kuchorwa na waigizaji wa kweli. Humo pete ni mlango. Sonic anafikiria mahali anapotaka kwenda, anairusha pete, na njia inafunguka mbele yake. Nazo ni za kuhesabika, ziko kwenye mfuko mdogo.

Kwa hiyo pete hiyo kwenye mchezo ni kinga, kwenye katuni ni nguvu, kwenye filamu ni mlango. Inabadilika kwa sababu kuna watu waliokaa mezani wakaamua ifanye nini. Wachoraji wameichora, waandishi wa programu wameandika maelekezo ya kompyuta. Nguvu ya pete iko ndani ya kioo cha simu na inaishia hapo hapo.

Hadithi hii tunaijua

Asidhani mtu kwamba pete ya ajabu ni jambo geni lililoletwa na katuni. Mwaka 2007 Sega walitoa mchezo mwingine ambamo Sonic anaingia ndani ya hadithi za Alfu Lela Ulela, akiongozwa na jini wa pete. Wazee wetu waliosoma au kusimuliwa hadithi hizo kwa Kiswahili wanamkumbuka jini wa pete kutoka kisa cha Aladini. Mchawi wa Maghribi alimvisha Aladini pete kabla ya kumshusha pangoni. Alipofungiwa humo gizani, Aladini aliisugua ile pete bila kukusudia, na jini akatokea kumwokoa. Wapo pia waliokua wakisikia masimulizi ya pete ya Nabii Suleimani iliyowatiisha majini.

Jambo moja katika kisa cha Aladini linatusaidia leo. Kasri yake ilipoibwa, alimwomba jini wa pete airudishe. Jini alijibu kwamba hilo hana uwezo nalo, kasri iko chini ya jini wa taa. Yaani hata kwenye hadithi ya majini, pete ina mpaka wake, na mwenye pete anaambiwa ukweli kuhusu mpaka huo.

Mtoto anayeipenda pete ya Sonic, basi, hana kosa. Anafurahia kitu ambacho hata mababu walikifurahia. Ukimwuliza taratibu, "Je, ukiwa na pete hii ukaruka juu ya mwembe, utaumia au hutaumia?", atakujibu vizuri. Akionesha kuamini kwamba hataumia, hapo ndipo umkalishe chini na kumweleza kwamba ule ni mchoro. Pete ya plastiki ya kuchezea haina ubaya, mradi asiwe mdogo kiasi cha kuweza kuimeza.

Pete ya kaka mtu

Sasa tuje kwenye ile ya pili. Matangazo yake wengi wetu tumeyaona. Picha ya pete yenye jiwe jekundu au la kijani, noti zimepangwa kando, na maneno ya mtu anayeshuhudia: nilikuwa sina kitu, sasa nina Fuso mbili. Chini kuna namba ya simu. Ukiipiga, anapokea mtu mpole anayejiita babu, bibi, shehe au dokta. Mara nyingi safari yake inakwenda hivi.

Kwanza, bei ni ndogo. Unaambiwa utume shilingi 30,000 za kuandalia pete, fedha ambayo aliyetoka kuuza mazao anaona anaweza kuimudu.

Pili, unapewa masharti. Usimwambie mtu yeyote, hata mke au mama. Usilale nayo siku fulani. Usishike chumvi. Sharti la kutosema ndilo kubwa, maana linakutenga na watu ambao wangekuambia uache.

Tatu, panatokea kikwazo. Pete "imezuiwa" na nguvu za adui, au inahitaji ubani maalumu, au mzigo umekwama njiani. Sasa ni shilingi 80,000. Ukituma, kinatokea kikwazo kingine, na fedha inayotajwa inazidi ya kwanza.

Nne, ukilalamika, kosa linarudi kwako. Umevunja sharti, umetia shaka, umemwambia mtu. Wengine wanatishwa kwamba wakiacha katikati watapata wazimu au watafiwa na mtoto. Mtu aliyeanza kwa tamaa ya faida sasa anatuma kwa hofu.

Hapo ndipo pete hizi mbili zinapoachana. Ya Sonic ina kanuni: pete 100 ni uhai mmoja, leo na kesho, kwa kila mchezaji. Ya tapeli haina kanuni yoyote unayoweza kuipima. Ikitokea umeuza vizuri, ni pete. Usipouza vizuri, ni wewe. Kitu ambacho hakiwezi kamwe kuonekana kimeshindwa hakina njia ya kuthibitisha kwamba kinafanya kazi.

Kwa nini watu wenye akili zao wananaswa?

Tusiwacheke. Mkulima wa Kilosa anajua kwamba anaweza kulima vizuri na mvua ikakata, au mto ukafurika, au bei ya ufuta ikashuka siku anayopeleka mzigo. Mambo mengi yanayoamua mwaka wake hayako mikononi mwake. Anayekuja na kitu kinachosema kitakamata bahati anagusa mahali panapouma. Na huja wakati wa mavuno, anapojua kuna fedha kwenye simu.

Kumbukumbu zetu nazo zinatudanganya. Mtu akivaa pete na siku hiyo akapata mteja mzuri, ataikumbuka miaka. Siku 40 alizovaa bila kupata kitu hazikumbuki.

Wengine hutumia jina la Freemason, wakidai kwamba ukijiunga unapewa pete na utajiri. Chama cha Freemason kipo kweli, na hapa Tanzania kilijulikana sana kupitia Sir Andy Chande, aliyekuwa kiongozi wake Afrika Mashariki na aliyefariki mwaka 2017. Yeye mwenyewe alijitokeza kwenye vyombo vya habari kueleza kwamba chama chao hakigawi utajiri. Anayekupigia kukuandikisha kwa shilingi 50,000 za fomu anatafuta hiyo 50,000 tu.

Kuna jambo zito zaidi. Biashara ya bahati huwa haiishii kwenye pete. Baadhi ya waathirika wanafika mahali wanaambiwa watoe kafara. Nchi yetu ina majeraha ya imani hiyo: ndugu zetu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu kuna waliodanganywa kwamba viungo hivyo vinaleta mali. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji hayo. Ukisikia mtu anataja damu au kiungo cha binadamu, usijadiliane naye. Nenda polisi siku hiyo hiyo.

Ufanye nini?

Kabla ya kutuma fedha, soma jina linalotokea kwenye simu yako. Huyo "babu" mara nyingi amesajiliwa kwa jina la mtu mwingine kabisa. Sitisha hapo.

Kama umeshatuma, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako, namba 100, mara moja, au mkimbilie wakala akusaidie kupiga. Tusikudanganye: fedha ikishatolewa, kuirudisha ni kazi ngumu. Ndiyo maana dakika za kwanza ni muhimu.

Ujumbe wa kitapeli utume kwenda namba 15040, pamoja na namba iliyokutumia. Hiyo ni namba iliyotengwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kwa ajili hiyo. Usifute ujumbe wala risiti za miamala. Utavihitaji ukienda kituo cha polisi. Utapeli wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Piga pia *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoijua, nenda ofisi ya mtandao husika ikafutwe, kwa kuwa huenda kuna mtu anatapeli kwa jina lako.

Kwa wanaotumia tiba asili, mganga anayefanya kazi kihalali husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mwombe akuoneshe cheti. Asiyetaka kuonekana uso wala cheti, muache na pete yake.

Kwa mama wa Mikumi jibu letu ni hili: pete hizo si kitu kimoja. Ya mdogo ni hadithi, na mwenyewe akikua ataiacha. Ya mkubwa ni wizi unaoendelea, na kila siku inayopita atadaiwa tena. Usimfokee wala usimwaibishe mbele ya wadogo zake, kwa sababu akiona aibu atazidi kuficha, na kuficha ndicho anachokitaka tapeli. Kaa naye, hesabuni pamoja kwenye simu yake ni kiasi gani kimekwenda tangu siku ya kwanza, kisha mwulize kiasi hicho kingenunua mifuko mingapi ya mbolea. Mwache aifanye hesabu mwenyewe. Baada ya hapo, mpigeni huyo muuzaji mkiwa wote wawili, simu ikiwa kwenye sauti kubwa, mmwambie hamtumi tena. Atatisha. Mwache atishe, kateni simu, kisha tumeni namba yake 15040.