Kura ya Vijiji 130: Jinsi Shauri la Serikali Lipimwavyo

Serikali ikianzisha jambo jipya kwa ajili ya watu wake, na fedha zikatumika, hapana budi tuulize: je, jambo hilo lilifaa? Wengi hujibu upesi kwa kutazama hali ya jana na ya leo. Husema, vijana wetu walifundishwa mwaka jana, na mwaka huu wanafuga kuku na kuuza mboga. Basi mafunzo yamefaa. Jibu hilo laweza kuwa kweli, tena laweza kuwa si kweli hata kidogo. Labda bei ya parachichi ilipanda, mvua zikanyesha vema, na vijana wangalifuga kuku hata pasipo mafunzo. Mkulima aijua hila hii. Akitaka kujua nguvu ya mbolea, huitia katika sehemu moja ya shamba na kuiacha sehemu ya pili, kisha huyalinganisha mavuno ya msimu mmoja. Ndivyo wafanyavyo wataalamu wa kilimo huko Uyole, karibu na mji wa Mbeya. Twataka kueleza jinsi njia hiyo ilivyotumiwa kupima shauri lihusulo watu, si mahindi, katika mikoa ya Mbeya na Iringa.

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, huwapa ruzuku watu wa kaya maskini. Lakini fedha peke yake haimfundishi kijana kazi, wala haimlindi na maradhi. Na maradhi hayakuwa jambo dogo katika nyanda hizi: uchunguzi wa 2016 na 2017 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wa Iringa, kama 11 walikuwa na virusi vya UKIMWI, na Mbeya kama 9, hali katika nchi nzima walikuwa kama 5. Kwa hiyo TASAF, pamoja na Tume ya Kudhibiti UKIMWI na UNICEF, ilibuni mpango ulioitwa Ujana Salama, kwa vijana wa miaka 14 hata 19 waliotoka katika kaya zipokeazo ruzuku. Walifundishwa majuma 12 habari za kujipatia riziki na habari za afya. Kisha wakapewa walezi wa kuwaongoza, na fedha kidogo ya kuanzia kazi au masomo, na zahanati zikatengenezwa ziwapokee vema.

Vilichukuliwa vijiji na mitaa 130 ya Rungwe, Busokelo, Mufindi na mji wa Mafinga. Vikapigiwa kura. 65 vilipata mafunzo juu ya ruzuku. 65 vilibaki na ruzuku tu. Vijana zaidi ya 2,000 waliulizwa maswali mwaka 2017, kabla ya mafunzo kuanza, wakaulizwa tena mwaka 2018 na mwaka 2019.

Kwa nini kura? Maana kama viongozi wangalichagua wenyewe, wangalichagua vijiji vyenye barabara njema na mwenyekiti mwenye bidii, na vijiji hivyo vingalishinda hata bila mafunzo. Kura haimjui mwenyekiti. Na kwa nini kijiji kizima, si kijana mmoja mmoja? Kwa sababu msichana aliyefundishwa leo atamweleza mwenziwe kesho kisimani, na hapo hakuna tena wa kulinganishwa naye.

Wako waliouliza kama si dhuluma kuviacha vijiji 65. Swali hilo ni la haki, wala halifai kudharauliwa. Sisi twaona hivi: hakuna aliyenyang'anywa ruzuku yake, na faida ya mafunzo ilikuwa haijajulikana. Lingekuwa jambo lililokwisha kujulikana, kama chanjo ya surua, kumnyima mtoto kwa kura kungekuwa uovu.

Matokeo yalikuwaje? Wasichana waliosema wametendewa ukatili wa kingono walipungua kwa 5 katika kila 100, wakilinganishwa na wale wa vijiji vingine. Wavulana waliokiri kuwapiga au kuwaumiza wengine walipungua kwa 6 katika kila 100. Lakini matusi na vitisho havikupungua. Wala walioumizwa hawakuzidi kwenda kuomba msaada, na jambo hili lawahusu sana wenyeviti wa vijiji na walimu, kwa maana ndio ambao kijana angewaendea. Bila vile vijiji 65 vingine, haya yote, mema na mabaya, yangefichwa katika sifa za jumla.

Walimu watapenda kusikia pia habari za KiuFunza, jaribio la shirika la Twaweza la mwaka 2013 na 2014 katika shule 350 za wilaya 10, mojawapo Mbozi, iliyokuwa bado katika mkoa wa Mbeya. Shule 70 zilipewa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Katika 70 nyingine walimu waliahidiwa tuzo kwa kila mtoto wa darasa la 1 hata la 3 atakayefaulu mtihani. 70 zilipata yote mawili, na 140 hazikupata kitu. Baada ya miaka miwili, shule zilizopewa fedha tu hazikuzidi nyingine kwa elimu; vitabu vilinunuliwa, na wazazi wengine wakapunguza matumizi yao. Zile za tuzo peke yake zilikuwa na nafuu hafifu. Lakini pale fedha na tuzo zilipokwenda pamoja, watoto walijua zaidi. Nani angalikisia hivyo akiwa amekaa ofisini?

Hata hivyo jaribio hujibu lile tu lililoulizwa. Ujana Salama ilipimwa kwa vijana wa kaya maskini katika halmashauri nne za nyanda za juu, penye chai, ndizi na viazi. Kijana wa Pemba aendaye baharini usiku hakuwamo katika hesabu hiyo.