SHIMO JEUSI HULALA NA KUAMKA

Wahenga walisema, ukimwona simba amenyeshewa usimdhanie ni paka. Methali hii yayafaa sana mashimo meusi ya angani. Wenzangu wengi darasani husema ati shimo jeusi kazi yake ni kumeza tu. Msomaji mpendwa, hiyo ni nusu ya habari.

Nyota hukaa katika makundi makubwa mno yaitwayo galaksi. Katikati ya galaksi kubwa karibu zote pana shimo jeusi. Gesi inapoanguka kulielekea, huzunguka kwa kasi na kuwa moto ajabu. Sasa basi, si yote humezwa. Nyingine hutupwa nje kwa mikondo miwili, mmoja huku na mwingine kule, kwa kasi inayokaribia ile ya nuru. Mikondo hiyo huweza kutoka nje kabisa ya galaksi, ikafura kama mawingu mawili. Humo elektroni huzunguka penye nguvu za sumaku na kutoa mawimbi ya redio. Macho hayayaoni, lakini darubini za redio huyanasa.

Je, chakula kikiisha? Mikondo hukatika. Mawingu nayo hufifia polepole kwa mamilioni ya miaka, kama makaa yasiyochochewa. Elektroni zenye nguvu nyingi huchoka kwanza, kwa hivyo mawimbi mafupi hupotea mapema na marefu hubaki. Hivyo ndivyo wataalamu hutambua wingu kuukuu na wingu changa.

Mwaka wa 2000, Arno Schoenmakers wa Uholanzi na wenzake walieleza galaksi zenye mawingu manne: jozi kuukuu nje na jozi changa ndani, zote zikitoka katikati pale pale. Maana yake nini? Shimo lilikula, likanyamaza, kisha likaamka tena!

Hata Centaurus A, ambayo jioni za Mei huwa upande wa kusini wa anga letu la Kenya, ina mawingu ya ndani na ya nje. Iko umbali wa miaka ya nuru milioni 12 hivi, yaani nuru yake husafiri muda huo wote ndipo itufikie. Lau macho yetu yangeona redio, mawingu yake ya nje yangeupita upana wa mwezi zaidi ya mara kumi.

Na galaksi yetu je? Shimo lake lina uzito wa jua milioni 4 na limetulia tuli. Lakini mwaka wa 2010 wataalamu waligundua mapovu mawili makubwa ya mionzi, moja juu na moja chini ya katikati yake. Wengine wasema shimo lenyewe liliyapuliza zamani, wengine wasema ni nyota zilizolipuka. Ubishi haujaisha.

Wenzangu, msikose usingizi. Shimo hilo liko umbali wa miaka ya nuru 26,000 hivi. Lakini msiliite maiti. Huyo ni simba aliyenyeshewa.