Kwa nini besi wakubwa hunaswa wakati wa baridi

Msimu wa baridi ukiwadia Texas, Marekani, wavuvi wengi huweka ndoana kando. Lakini katika bwawa kubwa la Lake Fork, mashariki mwa jiji la Dallas, huo ndio wakati wa kusaka besi, samaki wa asili ya Amerika ambaye aliletwa pia katika Ziwa Naivasha enzi za ukoloni.

Joto la mwili wa samaki huyu hufuata lile la maji. Baridi inapozidi, chakula humeng'enywa polepole na njaa yake hupungua. Hukimbilia kilindini, wala hafukuzi windo la mbali. Ndiyo maana mvuvi stadi hushusha chambo hadi karibu na sakafu ya bwawa na kukivuta taratibu mno.

Subira hiyo hulipa, kwani kuelekea mwisho wa baridi majike hujaa mayai na kuongeza uzito. Mnamo Januari 1992, Barry St. Clair alinasa hapo besi wa kilo 8.25, rekodi ambayo haijavunjwa Texas.

Hata hivyo, kumla jike kama huyo ni kupoteza kizazi kizima. Hivyo basi, sheria za Lake Fork humtaka mvuvi kumrudisha majini besi wa urefu wa takriban sentimita 41 hadi 61.

Aidha, anayenasa besi wa kilo 5.9 au zaidi kati ya Januari na Machi anaweza kumkabidhi kwa kituo cha serikali mjini Athens, Texas, ili azalishwe kabla ya kurejeshwa bwawani.