Ungo wako hauhitaji paa

Katika miji yetu watu wengi tunakaa nyumba za kupanga, na mpangaji, kama ajuavyo kila aliyewahi kupanga, ni mtu wa kuhama. Kodi ikipanda anahama. Mwenye nyumba akitaka chumba cha mwanawe anahama. Siku hiyo utaona kirikuu kimebeba kitanda, godoro, masufuria na meza, na juu ya vyote ungo wa televisheni umelala kifudifudi kama kobe.

Ungo huo ndio ninaotaka kuuzungumzia wiki hii, wasikilizaji wapenzi, kwa sababu umekuwa mlango wa kutolea fedha bila sababu, na wakati mwingine mlango wa ajali.

Namfahamu mama mmoja, jirani yangu, ambaye amehama mara nne katika miaka sita. Kila alipohama alilipa fundi wa kuushusha ungo paani, akalipa tena wa kuupandisha kule aendako. Mara ya nne akaambiwa kwamba kile kichwa kilicho mbele ya ungo kimeungua. Akanunua kingine, na kile cha zamani fundi akaondoka nacho. Je, kilikuwa kimeungua kweli? Mama yule hajui, kwa kuwa hakuwa na njia yoyote ya kujua. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko hata zile fedha.

Basi tuanze na jambo ambalo wengi hatukuambiwa. Ungo haupandishwi paani ili uwe karibu na setilaiti. Setilaiti zinazotuletea televisheni ziko juu ya mstari wa ikweta, umbali wa kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari. Paa la nyumba yako lina mita nne au tano. Kwa safari ya kilomita karibu 36,000, mita tano si kitu. Kinachotakiwa ni kwamba kati ya ungo na lile eneo moja la mbingu pasiwe na ukuta, mti wala bati. Kama uani kwako eneo hilo linaonekana, ungo wako utafanya kazi ukiwa chini, kando ya ndoo za maji, sawasawa na ungo wa jirani aliyeuweka ghorofa ya tatu.

Jambo la pili: setilaiti hizo hazihami. Mwingereza Arthur C. Clarke alieleza mwaka 1945 kwamba chombo kikiwekwa juu ya ikweta kwa umbali huo kitaizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia inajizungusha yenyewe, na kwa hiyo sisi wa chini tutakiona kama kimesimama mahali pamoja. Wakati ule ilikuwa fikra tu ya kwenye karatasi. Miaka 20 baadaye, mwaka 1965, setilaiti ya Early Bird ilikuwa juu ikipitisha simu na televisheni kati ya Ulaya na Marekani. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa.

Kwa kuwa setilaiti haihami, kuielekea ni suala la hesabu, wala si kipaji. Hesabu zenyewe ni tatu: upande wa kuelekea, kiasi cha kuinuka, na mgeuko wa kile kichwa.

Tuchukue mfano wa Dar es Salaam. Azam TV hupitia setilaiti zilizo nyuzi 7 mashariki. Sisi tuko karibu nyuzi 39 mashariki, kwa hiyo setilaiti hiyo iko magharibi yetu. Simama uelekee magharibi kabisa, kisha geuka kulia kidogo, nyuzi kama 10 kuelekea kaskazini. Kwenye dira utasoma karibu 280. Ndio upande wake. Sasa inua macho kutoka upeo wa macho hadi nyuzi 52, yaani kupita kidogo nusu ya njia ya kwenda utosini. Ndipo ilipo. Ukiwa Mombasa mwinuko ni uleule, na upande ni karibu 276. Lakini ukihamishiwa Mwanza, upande unakuwa karibu 275 na mwinuko unapanda hadi nyuzi 60, kwa sababu umeisogelea setilaiti. Mtumishi anayehamishwa mkoa akaufunga ungo kwa hesabu za Dar atakesha bila picha, na ungo wake si mbovu.

Matangazo ya DStv kwa upande wetu huja kutoka nyuzi 36 mashariki, ambako ni karibu juu ya vichwa vyetu. Dar es Salaam mwinuko wake ni nyuzi 81, na Nairobi ni 88, yaani utosini hasa.

Hapa kuna bahati ambayo hatuitambui. Ulaya wako watu wanaokwenda likizo wakivuta nyuma ya gari nyumba ndogo ya magurudumu, na ndani ya buti wamebeba ungo wa miguu mitatu. Wakifika kambini wanausimamisha wenyewe, jioni ileile wanatazama taarifa ya habari. Hao wana kazi kubwa kuliko sisi. London, setilaiti ya nyuzi 28 mashariki ina mwinuko wa nyuzi 25 tu. Mti uliouzidi ungo kwa mita 10 utaziba picha hadi usogee zaidi ya mita 20 kutoka kwake. Kwetu, kwa mwinuko wa nyuzi 52, mti wa kimo hicho unaukwepa kwa mita 8. Ikiwa wao wanaweza chini ya miti yao, sisi tunashindwaje?

Haya, tufike kwenye kazi yenyewe. Tafuta tairi la zamani au debe, simamisha katikati bomba la chuma linaloingia kwenye kishikio cha ungo, kisha jaza zege. Zege likiwa bado bichi, hakikisha bomba limesimama wima kabisa. Tumia pima maji au timazi, hata uzi na jiwe, na upime pande mbili, mbele na ubavuni. Msishangae nikisisitiza jambo hili dogo. Alama za nyuzi zilizochorwa kwenye kishikio cha ungo husema kweli pale tu bomba likiwa wima. Bomba likilala, kila namba unayosoma ni ya uongo. Na kila utakapohamia, lipime tena, maana ua wa nyumba mpya huenda una mteremko.

Funga ungo kwenye bomba, weka mwinuko kwa kufuata alama za kishikio, kisha usiukodolee macho uso wake. Ungo tunaotumia nyumbani una kichwa chake chini kidogo, si katikati, na umetengenezwa hivyo ili kichwa kisiuzibe. Matokeo yake ni kwamba unatazama juu kuliko unavyoonekana kutazama, kwa nyuzi zinazokaribia 25. Watu wengi huuona kama unaulenga mwembe wa jirani, wakauinua, wakapoteza kila kitu. Amini alama.

Kwa upande, tumia dira. Simu nyingi za kisasa zinayo. Lakini usiisome ukiwa umeegemea bati, nondo au gari, kwani chuma huivuta. Sogea hatua kadhaa, chagua kitu cha mbali kilicho kwenye upande huo, labda nguzo au kona ya jengo, kisha rudi uulenge ungo hapo.

Sasa washa king'amuzi, ufungue ukurasa wa kupima mawimbi. Utaona mistari miwili, mmoja wa nguvu na mwingine wa ubora. Tafadhali shikeni hili hata kama mtasahau mengine yote: mstari wa nguvu unaweza kupanda hata ungo ukitazama ukuta, mradi kichwa kimeunganishwa na kinapata umeme. Unaotuambia kwamba tumeipata setilaiti yetu ni mstari wa ubora. Fundi akikwambia nguvu ipo, mwulize ubora ni asilimia ngapi. Swali hilo moja litambadilisha sauti.

Mwache mtoto atazame televisheni akuitie namba, nawe uuzungushe ungo polepole, ukianzia kushoto kidogo ya alama yako kwenda kulia. Sogeza upana wa nusu kidole, simama, hesabu hadi tano, kisha sogeza tena. Ukingo wa ungo wa sentimeta 80 ukisogea sentimeta 1 tu, ungo umegeuka karibu nyuzi 1 na nusu, na kule juu hizo ni kilomita zipatazo 900. King'amuzi nacho kinahitaji sekunde chache kuyatambua mawimbi. Anayeuzungusha ungo kama usukani hupita juu ya setilaiti mara kumi bila kujua. Ukimaliza upande mzima bila ubora, ongeza mwinuko kwa nyuzi 1, urudie. Kisha jaribu kwa kupunguza.

Ubora ukijitokeza, tafuta kilele: upande kwanza, mwinuko baadaye. Halafu ligeuze lile jicho kwenye kishikio chake. Mawimbi huja ya aina mbili zilizokingamana, na kichwa kisipolala sawa na mawimbi hayo huchanganya moja na jingine. Ndiyo maana chaneli nyingine huonekana na nyingine hazionekani. Kwetu huku, kwa setilaiti iliyo mbali magharibi, kichwa hugeuzwa sana, wala usiogope kukiona kimelala ubavu. Mwisho kaza nati kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, maana nati ikikazwa upande mmoja huuvuta ungo. Kisha chora alama kwa rangi kwenye kishikio. Ukihama ndani ya mji uleule, mwinuko na mgeuko havibadiliki. Utatafuta upande peke yake.

Kabla ya kugusa maungio ya waya, zima king'amuzi na ukichomoe, kwa kuwa kinapeleka volti 13 au 18 kwenye kichwa kupitia waya huohuo. Hazikuui wewe, lakini unyuzi mmoja wa nje ukigusa ule wa kati unaweza kukiharibu king'amuzi. Nyaya zinazoua ni zile za nguzoni. Bomba la chuma mkononi, juu ya bati lenye umande, chini ya waya wa umeme, ni msiba unaosubiri siku. Hiyo pekee ingetosha kuwa sababu ya kuuweka ungo chini.

Yako mambo mawili yanayowafanya watu wauharibu ungo uliokuwa mzima. La kwanza ni mvua. Mvua kubwa hunyonya mawimbi haya, na picha hukatika hata kama ungo haukutikisika. Subiri ipite. Anayetoka na spana masika yakinguruma ataondoa kilichokuwa sawa, na huenda radi ikamkuta huko huko.

La pili ni jua. Kwa siku chache karibu na Machi 21 na Septemba 23, jua hupita nyuma ya setilaiti, na kelele zake huyafunika mawimbi kwa dakika kadhaa. Kwa Dar es Salaam na setilaiti ya nyuzi 7, hutokea mnamo saa tisa alasiri. Siku hizo zina faida pia: tazama kivuli uani. Kama saa hiyo jua linapiga pale unapotaka kuweka ungo, hakuna kitakachoziba. Kama pana kivuli cha ukuta, tafuta pengine.

Sisemi mafundi wafe njaa. Aliye ghorofani bila ua, au anayefunga ungo mmoja kwa nyumba nane, amwite fundi mwenye kipimo chake na amlipe haki yake. Ila amwite akijua anacholipia. Na akiambiwa kichwa kimeungua, aazime cha jirani, akijaribu pale pale ungo usiposogezwa. Picha ikirudi, ni kweli kimeungua. Isiporudi, kasoro iko kwingine, naye amejiokolea fedha zake.

Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata, antena ya zamani pekee haimpi mtu picha. Mahali ambapo minara ya ving'amuzi vya antena haifiki, ungo ndio unaoleta taarifa ya habari, bei za mazao na matokeo ya uchaguzi. Chombo chenye kazi hiyo hakifai kuwa siri ya watu wachache. Wafundisheni vijana nyumbani kukisimamisha, wavulana kwa wasichana, ili siku kirikuu kitakapokuja, nyumba mpya iwe na picha kabla chai haijachemka.

Hadi wiki ijayo, nawatakia heri.