Gitaa la Besi la Bei Rahisi: Tulinunue au Tuliache?

"Mama, kwaya yetu bila besi haina miguu."

Maneno hayo aliyasema kijana mmoja wa hapa Kate, akiwa amesimama mlangoni mwa jiko huku mama yake akisonga ugali. Mama hakujibu neno. Alijua mtoto anaomba nini. Alijua pia kwamba mahindi yaliyobaki ghalani yana kazi yake: sare za shule, mbolea ya msimu ujao, na dawa kama mtu akiugua.

Huenda nawe, mama msomaji, umewahi kuombwa hivyo. Watoto wetu wanaimba kwaya, wanasikia besi ikinguruma katika kanda na simu, nao wanataka ya kwao. Wakienda Sumbawanga mjini wanaona gitaa la besi linalong'aa, kwa bei ambayo hata muuza maharage anaweza kuifikia akijibana. Je, gitaa la namna hiyo lina faida, au ni fedha iliyotupwa? Sisi akina mama wa jumuiya moja ya hapa tulilipitia jambo hili. Tulikosea, tukajifunza, na sasa tunapenda kuwaeleza wenzetu.

Tulivyonunua kwa macho

Kijana yule alijifunza kwa gitaa alilojitengenezea mwenyewe: galoni la mafuta, kipande cha ubao, na nyaya za breki za baiskeli. Upande wetu huu si jambo geni. Ng'ambo ya mpaka, Luapula nchini Zambia, muziki unaoitwa kalindula umepata jina lake kutoka kwenye gitaa la besi la kienyeji, linalotengenezwa kwa mikono. Kwa hiyo hatukuwa na shaka kwamba chombo duni kinaweza kutoa wimbo mzuri, akipatikana mwenye moyo.

Baada ya kuvuna maharage tulichanga. Tulimwomba paroko ruhusa kwanza, na tunawashauri wenzetu wafanye hivyo. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya liturujia, ya mwaka 1963, inakipa kinanda cha mabomba heshima ya pekee. Lakini inakubali vyombo vingine pia, kwa idhini ya wenye mamlaka, mradi vinafaa kwa ibada. Paroko alikubali, akasema tu tusije tukazima sauti za waimbaji.

Tuliwatuma wenzetu wawili mjini. Hakuna kati yao aliyewahi kushika gitaa, na kijana mwenyewe siku hiyo alikuwa shuleni. Walichagua kwa macho. Walichukua jekundu, lililong'aa kuliko yote, ambalo kichwani liliandikwa jina la kampuni kubwa. Bei yake ililingana na magunia matatu ya mahindi. Walirudi wakiimba.

Furaha ile haikumaliza wiki. Nyuzi zilikaa juu mno ya shingo, na kijana alipozibonyeza vidole vilivimba. Kila wimbo ulipokwisha, sauti ilikuwa imeshuka. Kisha tukagundua kosa kubwa zaidi: gitaa la besi la umeme halina sauti ya kutosha lenyewe. Likipigwa bila amplifaya na spika, hata aliyekaa benchi la tatu hasikii. Vijana wakaliunganisha na redio ya mwenyekiti wetu. Katikati ya mazoezi spika ya redio ikapasuka, tukachanga tena kulipa redio.

Hapo maneno yakaanza. "Mama, si nilikwambia?" baba wa kijana alisema. "Mahindi yamekwenda, na redio imekwenda." Wengine walitaka gitaa liuzwe kabla rangi haijachakaa. Lakini lililotuuma kuliko fedha ni kwamba kijana aliacha kuja mazoezini. Alidhani yeye ndiye asiyejua kupiga.

Mwalimu alituonyesha nini?

Miezi ilipita. Siku moja alifika mwalimu mmoja aliyekuja kusalimia ndugu zake, mtu aliyewahi kupiga katika bendi ujanani. Aliomba alione gitaa. Alilishika kama mtu anayelenga bunduki, akatazama shingo toka kichwani hadi mwisho. "Imepinda kwa mbele kidogo," alisema, "lakini haikujisokota. Huyu mgonjwa atapona."

Alitueleza kwamba ndani ya shingo kuna chuma chembamba kilichofichwa, ambacho hukazwa au kulegezwa kwa ufunguo mdogo. Alikaza robo ya mzunguko tu, akaliacha hadi kesho yake. Kisha akashusha vipande vya daraja vinavyobeba nyuzi, akafunga nyuzi mpya. Fundi redio wa hapa kijijini alichomelea waya mmoja wa ndani uliokuwa umelegea. Kazi yote ilikwisha kwa siku mbili. Kijana alipoitwa alipige, alikaa kimya kwanza, kisha akamtazama mama yake na kucheka. Kumbe vidole vyake havikuwa na kosa.

Kwa nini gitaa jipya litoke dukani katika hali ile? Magitaa ya besi ya mtindo huu yalienea baada ya mwaka 1951, Leo Fender wa California, Marekani, alipoanza kuuza lake. Yalikuwa ghali. Mwaka 1982 kampuni ya Fender ilianza kutumia jina Squier kwa magitaa ya bei nafuu yaliyotengenezwa Japani, na baadaye viwanda vya nchi nyingine za Asia, kama China na Indonesia, vikaingia katika kazi hiyo. Leo mashine hukata mbao kwa usahihi, hata za gitaa la bei ya chini. Watengenezaji hubana fedha katika vyuma, katika nyaya za ndani, na katika saa za fundi za kulirekebisha gitaa kabla halijauzwa. Saa hizo utazilipa wewe. Hapo ndipo penye ule msemo wetu, rahisi ni ghali. Na jina kubwa la kichwani lisikudanganye, maana magitaa ya kuigiza ni mengi.

Hesabu gharama yote

Bwana wetu alieleza habari za mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hana budi kukaa kwanza na kuhesabu gharama. Sisi tulihesabu tofali la kwanza tu. Mama, kabla hujatoa fedha, andika haya yote: gitaa lenyewe, amplifaya na spika zinazofaa besi, waya wa kuunganishia, nyuzi za akiba, mfuko wa kulihifadhia, malipo ya fundi, na umeme, uwe wa gridi au wa jua.

Redio haifai, na sababu yake ni rahisi kuielewa. Uzi mnene kuliko wote wa besi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Ni mtetemo wa polepole na wenye nguvu, na spika ndogo ya redio haiwezi kuubeba.

Kama parokia yenu tayari ina spika na amplifaya za kufaa, gitaa la bei rahisi linaweza kuwa ununuzi wa busara. Kama fedha mliyo nayo inatosha gitaa tu, subirini. Haba na haba hujaza kibaba.

Ya kuangalia dukani

1. Nenda na anayejua kupiga. Kama hayupo, ahirisha safari.

2. Tazama shingo kwa urefu. Ikiwa imepinda kidogo kwenda mbele au nyuma, fundi ataiweza. Ikiwa imejisokota upande, liache.

3. Bonyeza kila uzi kwenye kila freti. Sauti ikikwaruza mahali pamoja tu, huenda freti inayofuata imeinuka. Ikikwaruza kila mahali, huenda ni marekebisho tu.

4. Piga uzi ukiwa wazi, kisha ubonyeze freti ya 12. Lazima isikike noti ile ile, ila ya juu kwa oktavu moja. Ikikosana, sogeza kipande cha daraja. Kikigoma, liache.

5. Kaza vikazio vya nyuzi vyote vinne. Vikiteleza, gitaa halitatunza sauti. Vikazio vinaweza kubadilishwa, lakini dai bei ipunguzwe.

6. Liunganishe na spika palepale dukani, uzungushe vitufe vya sauti. Mkwaruzo mdogo si ugonjwa mkubwa. Kimya kabisa ni onyo.

7. Tazama mkono wa mtoto. Gitaa la kawaida lina uzi wa sentimita 86 hivi kutoka daraja hadi kichwani. Yapo mafupi ya sentimita 76, yanayowafaa watoto na wenye mikono midogo.

Litunzwe au liachwe?

Baadaye wenzetu wa kijiji cha jirani walituletea la kwao, la bei ile ile, wakitaka mwalimu alitibu. Shingo ilikuwa imejisokota kama kamba. Mwalimu aliwaambia ukweli: kulitengeneza kungezidi bei ya kununua jingine. Walihuzunika, lakini hawakulitupa. Walitoa vikazio na nyaya vikawa akiba. Hicho ndicho kipimo chetu sasa. Shingo ikiwa nzima, mengine yote yana dawa.

Kulitunza ni kazi ya nyumbani, nasi akina mama tunaiweza. Huku Ufipa tunaishi juu ya mita 1,500. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua inanyesha na mbao zinavuta unyevu. Kisha kiangazi kinaingia na upepo wake mkavu wa baridi, mbao zikasinyaa. Shingo nayo inatembea. Usiliweke karibu na moto wa jiko wala chini ya bati lenye jua kali. Usiliegemeze ukutani kwa miezi. Pangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu baada ya kupiga, na lirudishe mfukoni mwake. Mwezi mmoja baada ya majira kubadilika, fundi aitazame shingo tena.

Kijana aliondoka, gitaa likabaki

Kijana yule alimaliza kidato cha nne, akaenda mbali kutafuta maisha. Swali la kuuza likarudi. Anayelipiga hayupo, kwa nini likae? Mama yake alisema tu, "Liacheni kwanza." Yeye alijua jambo ambalo sisi hatukulijua. Jioni, vyombo vikishaoshwa, mdogo wake wa kike alikuwa akilipiga bila spika, polepole, asimsumbue mtu.

Wapo waliouliza, binti na besi wapi na wapi? Tuliwasimulia habari za Carol Kaye wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1935. Alikuwa mama wa watoto, akipiga gitaa studio ili kulisha nyumba yake. Mwaka 1963 mpiga besi mmoja hakufika kazini, yeye akaombwa ashike nafasi. Tangu hapo akawa miongoni mwa wapiga besi waliorekodi nyimbo nyingi kuliko wengine nchini mwake. Binti yetu hakuomba sifa kama hizo. Aliomba ufunguo wa chumba cha mazoezi.

Leo ndiye anayepiga Jumapili. Bado anakosea, hasa kwenye wimbo wa matoleo ambapo kwaya hukimbilia mbele. Baba yake, yule aliyelalamikia mahindi, hukaa upande wa spika.

Basi, wenzetu, jibu letu ni hili. Gitaa la besi la bei rahisi linafaa kununuliwa ikiwa shingo yake ni nzima, ikiwa mmetenga fedha ya spika na fundi, na ikiwa yupo mtoto anayelitamani hata kabla hajalipata. Mkisha kulinunua, msilihukumu kabla ya fundi kulishika. Na mtoto akishindwa nalo siku za mwanzo, msiharakishe kumlaumu. Kagueni kwanza gitaa.