Kisiki, Tanuri na Jiko: Nishati ya Msituni Nachingwea na Ruangwa

Nachingwea na Ruangwa, wilaya mbili jirani za Mkoa wa Lindi, zina misitu mikubwa ya miombo, na sehemu yake kubwa imo katika ardhi ya vijiji. Ndiyo maana habari ya nishati huko huanzia kisikini.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wa hifadhi, kuusimamia kupitia kamati ya maliasili na kubaki na mapato ya mazao yake. Kuanzia 2018 programu ya FORVAC, iliyofadhiliwa na Finland, ilivisaidia vijiji vya wilaya hizi kupanga usimamizi na uvunaji wa misitu yao. Mbao ndizo zenye fedha. Kuni na mkaa, ambavyo jikoni havikosekani, havipewi uzito huo.

Utaratibu wa kuvuna mkaa bila kuumaliza msitu ulianzishwa wilayani Kilosa mwaka 2012 na mashirika ya TFCG, MJUMITA na TaTEDO. Eneo la mkaa hugawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50, vikakatwa kwa kurukaruka kama vyumba vya ubao wa drafti, kisha kilichokatwa kinapumzishwa miaka 24. Miti mingi ya miombo huchipua yenyewe kisikini, tena upesi kuliko mche uliopandwa, ilimradi pasilimwe wala pasichomwe moto.

Hasara kubwa iko kwenye tanuri. Gogo bichi limejaa maji, na mchomaji mwenye haraka huunguza kuni nyingi kuyakausha tu. Mzoefu huyaacha magogo yakauke kwanza, huyapanga yabanane, huyafunika kwa majani na udongo, kisha hukaa macho usiku na mchana akiziba nyufa. Moshi ndio unaomwongoza: mweupe mzito ni mvuke wa maji, ukigeuka mwembamba wa rangi ya buluu, mkaa umeiva na matundu ya hewa huzibwa.

Jikoni nako, mafiga matatu hupeleka kwenye sufuria asilimia 10 hadi 15 tu ya joto la kuni. Linalobaki hupotelea hewani. Jiko banifu la udongo au matofali, lenye mdomo mdogo na kuta nene, hupunguza kuni kwa kiasi kikubwa, na fundi wa kijijini analimudu. Likikosa bomba la moshi, hata hivyo, macho na mapafu ya mpishi hayajapona.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi, kama gesi, ifikapo 2034. Ardhi ya Ruangwa ina grafiti, madini ya betri za magari ya umeme, ilhali juu yake wapishi wengi bado wanapuliza kuni. Mtungi wa kwanza wa gesi unaweza kugawiwa bure. Wa pili hununuliwa kwa fedha taslimu, na mkulima wa korosho huzipata msimu wa mauzo. Miezi inayobaki, kuni za kuokota hazina bei.