Ordinatere ya salo: fikiria kuraa kwanza

Ordinatere ya zamani inaweza kugeuka sinema ya nyumbani. Si lazima iwe mpya wala ya bei kali. Lakini jiulize kwanza: kuraa ikikatika, itakuwa namna gani?

Disiki ikizimika ghafula wakati inaandika, faili zinaweza kuharibika. Na kwenye disiki ile ile watu wengi wanaweka pia video ya ndoa na picha za marehemu. Filamu utaipata tena. Picha za marehemu, hapana.

Kwa hiyo, kama unaweza kuchagua, chukua laptopu yenye batri inayoshika. Kuraa ikienda, batri inakupa muda wa kuizima vizuri. Kama ni ordinatere ya mezani, nunua onduleri mbele ya kununua disiki kubwa. Kuraa ikirudi, usiwashe palepale. Ngojea itulie, maana inaweza kurudi na nguvu ya kupita 220 V.

Kwa televizyo, kabo ya HDMI inapitisha picha na sauti pamoja. Ile ya VGA inapitisha picha tu, sauti itaomba kabo yake. Programu za VLC na Kodi ni za bure, na zinacheza filamu zako bila intaneti. Mashine iweke mahali hewa inapita, si ndani ya kabati wala chini ya kitambaa: joto na vumbi vinaiua mapema.

Mwisho, kopia picha za jamaa kwenye disiki ya pili, na uiweke nyumba ingine. Onduleri haizuii mwizi.